Kiti cha Dereva Kinakauka

Watu waliompenda Mama Povu walimsifia kwa kitu ambacho hakuwa nacho. Walisema ana moyo mwema. Walisema yule mwanamke mwenye kiwanja cha kuoshea magari, pale nyuma ya ukuta wa baa, ni mlinzi wa roho za watu, kwa sababu mlevi hatoki pale na gari lake hata alie machozi. Alitajwa kwenye mahubiri. Mwalimu mkuu mmoja akamletea cheti cha shukrani kilichopigwa muhuri. Mama Povu alikipokea kwa mikono miwili, akakitumia kuzibia dirisha la stoo lililopasuka kioo, akaendelea na kazi.

Ukweli ni kwamba alikuwa na kinyongo. Kinyongo cha miaka mitano, kilichotunzwa mahali pakavu, hakijashika kutu. Na kilikuwa na mwenyewe: mwenye duka la saruji, mtu mnene wa kicheko kikubwa, ambaye mtaa mzima ulimwita Bosi Saruji.

Utaratibu wa pale kiwanjani ulikuwa wa zamani. Mtu anaingiza gari, anamkabidhi mwoshaji ufunguo, anapita kwenye kimlango kilichotobolewa ukutani, anaingia baa. Gari linaoshwa, yeye anakunywa. Gari likishang'aa, na yeye ameshang'aa. Anarudi, anapewa ufunguo wake, na mwoshaji anasimama barabarani kumwelekeza atoke kinyumenyume: "Rudi, rudi, kata kulia, njoo, njoo, nyoosha, haya safari njema!" Hiyo ndiyo ilikuwa adabu ya kazi. Mwoshaji asiyemwelekeza mteja alionekana hakulelewa.

Siku moja, miaka hiyo mitano nyuma, saa tisa alasiri, Mama Povu alimwelekeza Bosi Saruji. Bosi alikuwa amelewa hadi anatafuta tundu la ufunguo kwenye kioo cha pembeni. Mama Povu aliliona hilo kwa macho yake, akacheka naye, akamshikia mlango, akamfunga hata mkanda. Kisha akasimama barabarani akapunga mikono. Rudi, rudi, kata, njoo. Alimwelekeza vizuri sana. Gari halikugusa hata ukingo wa mtaro. Hatua mia mbili na kumi mbele, likamgonga mume wake.

Mume wake alikuwa fundi cherehani, na siku ile alikuwa anavuka kwenda kununua uzi mweusi. Mguu wa kulia ulikatwa juu ya goti. Wa kushoto ulibaki, lakini haukunjiki. Ukawa wa kuegemea tu. Na cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga.

Kesi ilikufa kabla haijajifunza kutambaa. Bosi alipimwa pombe kesho yake, ameshalala, ameshaoga, ameshakunywa maji ndoo nzima. Maelezo yakasema mtembea kwa miguu alivuka bila kutazama. Jalada likahama meza hii kwenda meza ile hadi likachoka lenyewe. Bosi hakukanyaga hospitali. Pole yake aliituma kwa mkono wa karani wa duka, ikashushwa mlangoni kwa dada yake fundi: mifuko kumi ya saruji. Kama vile mguu ni ukuta uliobomoka.

Dada mtu, ambaye Mama Povu alimwita wifi na hakuwa na jina jingine lolote kiwanjani pale, alitaka kuimwaga mtaroni yote kumi.

"Acha, wifi," Mama Povu alimwambia. "Saruji haijamkosea mtu."

Akaijengea jukwaa la kuoshea: njia mbili za zege zilizoinuka, kila moja ina mfuo wa kulaza tairi, katikati mfereji wa maji machafu. Iliyobaki akafyatulia matofali. Kila asubuhi alisugua jukwaa lile kwa ufagio mgumu, na kila asubuhi alimkumbuka mwenye saruji.

Kitu kimoja hakumwambia mtu: nani alimpa Bosi ufunguo siku ile, na nani alimpungia mikono. Wifi wakati huo alikuwa anapika kwenye mkahawa upande mwingine wa mji; alikuja kiwanjani baadaye, baada ya kaka yake kuumia. Waoshaji wa zamani walishahama. Mume hakuuliza. Yeye hakusema. Alibadilisha cherehani ikawa ya mkono, akamwekea mume meza fupi karibu na dirisha, na mdomo wake akaufunga kwa boliti.

Tangu hapo hakuna mlevi aliyetoka. Lakini hakuwazuia kwa maneno. Mama Povu alikuwa mtu wa soko tangu ujana. Alianza na ndoo moja na kitambaa kilichochanwa kutoka kwenye gauni lake, akajua mapema kwamba mteja hashindwi kwa ubishi. Mlevi ukimwambia umelewa, umempa kazi ya kukuonyesha kwamba hajalewa, na kazi hiyo ataifanya barabarani. Mwambie gari halijawa tayari. Hapo huna ugomvi naye. Ana ugomvi na maji, na maji hayatukaniki.

"Kapeti bado mbichi, kaka. Ukikanyaga hivi, kesho gari linanuka kama soksi."

"Tumemwaga dawa ya injini, mzee wangu. Ikiwashwa sasa, inaungua. Kalale kidogo."

Na yule mkaidi kabisa, yule wa kukunja mikono ya shati, alikuwa na dawa yake. Wifi alikuwa mwanamke wa mabega mapana na spana namba kumi na nne. Kiti cha dereva kinashikwa na boliti nne tu. Ndani ya dakika sita wifi alikuwa amekitoa, amekipaka povu, amekianika juani, kando ya barabara.

"Kiti cha dereva kinakauka," Mama Povu alisema kwa upole wa muuguzi. "Karibu ukae."

Wapo waliokaa. Mwalimu mmoja wa hesabu alikaa kwenye kiti chake kando ya lami saa mbili nzima, mikono magotini kama anaendesha, na darasa lake lote lilipotoka shule likampitia kwa mstari: "Shikamoo mwalimu! Shikamoo mwalimu!" Hakulewa tena mtaa ule. Mama Povu hakumwonea huruma hata ya kijiko. Aibu yake aliifurahia, akaenda nayo nyumbani kama mboga.

Maana kila aliyekalia kiti kile alikuwa anakikalia kwa niaba ya mwingine. Mwingine huyo kwa miaka mitano alikuwa anaoshea gari kwengine, kwa aibu au kwa ushauri wa wakili. Kisha aibu ikaisha muda wake. Siku ya Jumamosi, saa sita mchana, gari jipya la rangi ya maziwa lilipanda jukwaani, na Bosi Saruji akashuka, kitambi mbele, kicheko nyuma.

"Mama Povu! Bado upo tu?"

"Nipo, bosi. Tulikukosa."

"Kule kwengine wanaoshea matope. Shika huu. Mimi nipo hapo ndani na jamaa zangu."

Akamtupia ufunguo, akapita kimlango. Hakujua kwamba anamtupia mke wa nani. Hakuwahi kuuliza. Kwake ule mguu ulikuwa wa mtu fulani tu.

Wifi alikuwa ameinama kwenye bomba. Aliinuka polepole, maji yakimwagikia viatu.

"Ndiye?"

"Ndiye."

"Huyu aliyemfanyia kaka yangu vile?"

"Wifi, funga bomba. Maji yanapotea."

Mama Povu alikuwa na mpango. Aliusuka muda mrefu. Kati ya wateja wake alikuwamo askari wa trafiki, sajini mwenye pikipiki, ambaye alipenda kuongea wakati magurudumu yake yanasuguliwa. Mama Povu alimsugulia kwa miaka, akimchota sheria kidogo kidogo. Kumpima mtu siku hiyo hiyo. Kumpima mbele ya mashahidi. Kumkuta nyuma ya usukani, injini inawaka. Aliingia stoo, akampigia simu.

"Sajini, mtu wangu amekuja."

"Yule yule? Anakunywa?"

"Anakunywa kama ameajiriwa."

"Basi vizuri. Mimi nitakaa kwenye kona ya duka la dawa na kipimo. Wewe mwachie tu atoke. Akinifikia, safari hii hatoki. Usimzuie, mama, sikia? Leo usimzuie mtu."

"Lazima awe barabarani?"

"Awe nyuma ya usukani, injini inawaka, amelewa. Barabarani ndiyo rahisi, haina maneno mengi."

"Sawa."

Wakaliosha gari lile kama la harusi. Wifi alisugua huku anaimba, kitu ambacho hakukifanya tangu aanze kazi pale. Kufikia saa nane na nusu kicheko cha Bosi kilikuwa kinavuka ukuta, kinapanda, kinakatika, kinaanza upya. Mama Povu alitoka getini akatazama barabara. Alitaka kuona kona ya duka la dawa. Pikipiki ya Sajini ilikuwepo kweli, imeegeshwa kivulini.

Akaanza kutembea. Hakujua kwa nini, miguu tu. Alihesabu hatua. Muuza mbogamboga, hatua thelathini na tano. Fundi viatu, amekaa kwenye kigoda, miguu imetokeza barabarani, sabini. Kituo cha pampu, wanawake watatu na madumu, mia na arobaini. Mia mbili na kumi ilikuwa pale mbele ya duka la uzi, hakusimama. Alifika kwa Sajini kwenye mia nne na mbili.

"Mbona umekuja?" Sajini alisema. "Utaniharibia."

"Nilikuwa napima tu."

"Unapima nini?"

Mama Povu aligeuka. Alirudi haraka kuliko alivyokwenda. Wifi alikuwa amekalia tairi la akiba, ufunguo wa gari unazunguka kidoleni.

"Wifi, toa kiti."

"Kiti gani?"

"Cha dereva. Na lete matofali, manne, uyabane mbele na nyuma ya tairi."

Wifi alicheka, kisha akaona kwamba si mzaha. "Wewe una wazimu? Askari anangoja! Mwache aende akamatwe! Miaka mitano tumemngoja huyu mbwa, leo unataka kumfanyia ukarimu wako ule wa kwenye mahubiri?"

"Askari yupo hatua mia nne. Kaka yako alikuwa mia mbili na kumi."

"Watu watajikinga."

"Kaka yako alijikinga?"

Spana ilikuwa mfukoni mwa wifi. Aliitoa kama mtu anayeng'olewa jino.

"Nikimpa huyu mguu mwingine wa mtu," Mama Povu alisema, "nitakuwa nimemlisha. Simlishi. Nataka ashindwe na njaa hapa hapa, juu ya saruji yake. Fungua boliti."

Dakika sita baadaye kiti cha ngozi kilikuwa juani, kimejaa povu. Matofali yalikaa kwenye mifuo ya jukwaa, mawili kila tairi la mbele. Gari lile lisingesogea hata likisukumwa na ng'ombe. Mama Povu alimpigia tena Sajini, akamwambia maneno matano: "Njoo kwa miguu. Njoo sasa."

Saa tisa, Bosi alitoka kwenye kimlango akiwa ameegemea wapambe wake wawili, mmoja kila upande, kama kabati linalohamishwa.

"Mama Povu! Gari langu!"

"Limependeza, bosi. Ila kiti cha dereva kinakauka."

Bosi alitazama. Alizunguka gari mara moja, akiwa ameshika paa lake. Akachungulia ndani. Pale palipokuwa na kiti palikuwa na mashimo manne na shilingi moja ya zamani.

"Nani amekuambia utoe kiti?"

"Huduma kamili, bosi. Kwa mteja wa heshima."

Wapambe wakaanza kucheka. Mmoja akasema, "Bosi, leo unaendesha umechuchumaa," na mwingine akashika tumbo. Bosi hakupenda kuchekwa. Alikuwa mtu wa kuchekesha. Uso ulimvimba.

"Nipe ufunguo wangu."

"Subiri kidogo kikauke..."

"Ufunguo wangu! Unanijua mimi ni nani?"

"Nakujua sana," Mama Povu alisema, na akauweka ufunguo kwenye kiganja chake, taratibu, kama mtu anayeweka chambo ndoanoni. "Huu hapa. Wifi, mpe bosi ndoo akalie."

Wifi alileta ndoo kubwa ya bluu, akaipindua, akaiweka ndani. Bosi Saruji alipanda. Magoti yalifika masikioni. Usukani ulimgusa paji la uso. Mtaa ulikuwa umeanza kujaa: wale wanawake wa madumu, fundi viatu na kigoda chake mkononi, wateja wa baa wameng'ang'ania kimlango. Bosi akawasha. Gari likanguruma. Akatia gia ya nyuma, akakanyaga mafuta, gari likajibinya kwenye matofali likarudi, na ndoo ikateleza. Alionekana kitambo, kisha akaonekana mguu tu, umenyooka juu ya dirisha, na kiatu kimoja kinang'aa.

Kicheko kile kilisikika hadi kituo cha pampu.

Bosi alijiinua, akajiweka tena juu ya ndoo, akakanyaga tena. Mama Povu alisogea dirishani. Alikuwa ameiandaa sentensi hii kwa miaka mitano, ameipiga pasi.

"Bosi, mimi ni mke wa yule fundi."

Bosi alimgeukia, jasho linamtoka, macho hayakai mahali pamoja.

"Fundi gani?"

Hapo ndipo Mama Povu alipoelewa kwamba hata akimchoma moto, yule mtu hataujua moto umetoka wapi. Aliinuka, akajipangusa mikono kwenye kanga, akampisha Sajini ambaye alikuwa anaingia getini anahema, kipimo mkononi, amekasirika.

"Mama, tulikubaliana kona!"

"Kona ni mbali, Sajini. Huyo hapo. Nyuma ya usukani, injini inawaka."

"Amekaa kwenye ndoo!"

"Sheria imetaja kiti?"

Sajini alifikiri. Kisha akaingiza mkono dirishani, akazima injini, akampa Bosi kipimo apulize. Kipimo kilipiga kelele.

Miezi mitatu baadaye walikuwa mahakamani, chumba chenye feni moja na madawati yaliyochimbwa majina ya waliosubiri. Wakili wa Bosi alikuwa kijana wa tai nyekundu, na alikuwa amefanya kazi yake. Alijua kuhusu mguu. Alimsimamisha Mama Povu akamzunguka kama anayenunua mbuzi.

"Shahidi, wewe ni mke wa mtu aliyegongwa na mteja wangu?"

"Ndiyo."

"Una chuki naye?"

"Sana."

Watu waligeuka. Wakili hakutarajia bei ya kwanza iwe nzuri hivyo, akaharakisha.

"Kwa hiyo siku ile hukumzuia kwa kujali usalama wa mtu yeyote. Ulimtegea. Ulimzuia kwa kisasi."

"Kwa kisasi, ndiyo."

"Mheshimiwa hakimu, nadhani shahidi ametumalizia kazi. Huu si ushahidi, ni ugomvi wa nyumbani. Mteja wangu aliingizwa kwenye mtego na mwanamke mwenye chuki."

Hakimu, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba, alimtazama Mama Povu. "Una la kuongeza?"

Mama Povu aligeuza kichwa. Kwenye dawati la tatu alikaa wifi, amevaa gauni lake la kwendea misibani, mkoba mapajani. Mama Povu aliona kitakachotokea, akakipima, akaona kwamba bila hicho biashara hii inavunjika. Wakili alikuwa ameshaanza kupanga makaratasi yake.

"Ninalo, mheshimiwa. Huyu kijana anasema nilimzuia mteja wake kwa chuki. Ni kweli. Lakini siku ile ya kwanza, ile ya mguu, gari lile lilitoka kwangu pia. Ufunguo nilimpa mimi. Alikuwa amelewa, nikaona, nikacheka naye. Nikamfunga mkanda. Nikasimama barabarani nikamwelekeza rudi, rudi, njoo. Sikuwa na chuki naye hata kidogo siku ile. Nilimwachia kwa heshima. Watu wote pale kiwanjani tulimwachia kwa heshima, na wa baani waliompa chupa ya mwisho walimpa kwa heshima, na rafiki zake walimuaga kwa heshima. Mume wangu akavunjwa na heshima zetu. Mara hii ya pili nilimzuia kwa chuki, na watu wote wa mtaa ule jioni wakarudi kwao na miguu yao. Sasa wakili aniambie, alitaka nimwachie kwa upendo?"

Feni ilizunguka. Mtu nyuma akakohoa kicheko. Hakimu hakucheka, aliandika, aliandika muda mrefu, kisha akamwambia wakili, "Endelea kama una swali." Wakili akaketi.

Bosi alipigwa faini na kunyang'anywa leseni miaka mitatu. Mama Povu alitaka kumi. Aliiona tatu ile kama mtu anayepewa nusu ya alichoomba, akaichukua. Bosi alitoka amezungukwa na watu wake, na safari hii alipompita Mama Povu alimtazama vizuri, akamjua. Hilo nalo alilichukua.

Wifi alikuwa anamngoja nje kwenye ngazi. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Kumbe ni wewe."

"Ni mimi."

"Miaka mitano nafungua boliti na wewe."

"Ndiyo."

"Utamwambia wewe, au nimwambie mimi?"

"Nitamwambia mimi. Nipe mpaka nifike."

"Nakupa mpaka ufike," wifi alisema, na akatembea nyuma yake njia nzima, hatua kumi, kama askari na mahabusu.

Mume alikuwa dirishani, anashona kola ya shati la sare. Mkono wa kulia ulizungusha usukani wa cherehani, wa kushoto ulisukuma kitambaa. Mama Povu alisimama mlangoni na viatu vyake, akasema yote kwa pumzi moja, bila kupamba, kama anavyosomewa mtu orodha. Ufunguo. Mkanda. Mikono. Mume hakusimama. Alimaliza mshono, akakata uzi kwa meno.

"Gari lilikuwa bichi," alisema.

"Nini?"

"Lililonigonga. Lilikuwa bichi. Nimelala pale chini, bampa liko juu yangu, maji yananidondokea usoni. Yananuka ile sabuni unayoichanganya mwenyewe, ya malimau. Nani mwingine mtaa huu anaosha kwa sabuni ile?"

Mama Povu alishika fremu ya mlango.

"Ulijua."

"Kabla sijafika hospitali."

"Na hukusema."

"Wewe ulisema?" Aligeuza shati upande wa pili, akalinyoosha kwa kiganja. "Kila jioni unarudi, nakuuliza leo umezuia wangapi. Ulidhani naulizia habari za kazi? Nilikuwa nakutazama unavyohesabu. Yule wa saruji sikuweza kumfikia, yupo mbali, ana mawakili. Wewe ulikuwa hapa hapa."

Alimwangalia kwa mara ya kwanza tangu aingie. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa na sura ya mtu aliyebana kitu mkononi muda mrefu na vidole vimekufa ganzi. Nje, wifi alikuwa amesimama karibu na dirisha, na alikuwa amesikia, na kwa mara ya kwanza tangu mahakamani mkoba wake ulikuwa umeshuka chini.

"Na sasa?" Mama Povu aliuliza.

"Sasa umesema mbele ya hakimu, mbele ya dada yangu, na mbele yangu. Kesi yako imekwisha." Akaingiza kola ya pili chini ya sindano. "Ya yule bado. Miaka mitatu si mingi. Akirudishiwa leseni, unaniambia siku hiyo hiyo."

Mama Povu alilipima hilo kwa muda, kama alivyopima kila bei aliyowahi kutajiwa, na akaona hatapata iliyo bora zaidi mahali popote.

"Nitakuambia," alisema, akavua viatu, akaingia.